Ventilateri Iliyogoma Njiani

Vijana wa gereji, siku ya kuagana mliniletea kiti, mkanipigia makofi, kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi niliyofanya hapa Elisabethville tangu wakati nilipoweza kubeba kichwa cha injini peke yangu. Kiti nimekipokea. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi, nimeshautengeneza. Sasa naandika. Habari za kupandishwa cheo msizitafute humu, maana zilikuwa chache na zote zilikuja zimechelewa. Nitaandika yanayoweza kuwasaidia mnaposimama mbele ya motokari iliyochemka, pamoja na jambo moja lililonitia aibu kubwa, kwa sababu nimeona mnapenda mno kunisifu.

Niliingia gereji nikiwa kijana, nimeoa juzi juzi, nimeshuka kutoka kaskazini kwa gari la moshi na barua ya padri mfukoni. Barua ilisema najua kusoma na kuandika na sinywi pombe. La kwanza lilikuwa kweli. Siku hiyo ya kwanza nilivaa kaptula nyeupe ya Jumapili, nikidhani mtu anayeanza kazi lazima apendeze. Mke wangu aliifua mara nne, kisha akaikata kuwa matambara ya jikoni.

Aliyenipokea ni Fundi Ramazani, Mwislamu wa Maniema, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma ambayo kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuiona na tone la grisi. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, kofia nyeupe kama imetoka kwa dobi. Mpaka leo sijui alifanyaje. Kwa majuma mawili hakunipa spana hata moja. Asubuhi aliniosha akili kwa kunioshesha vyuma ndani ya beseni la mafuta ya taa, na jua likipanda alinisimamisha mbele ya injini inayonguruma.

"Funga macho," alisema. "Nini inazunguka?"

"Moteri, fundi."

"Moteri ni bantu mingi. Uniambie jina ya moya moya."

Nilisimama pale nimefumba macho mbele ya watu wazima wakinicheka. Lakini siku ya kumi nilianza kuwatenganisha. Huyu ni pistoni, huyu ni valvu, huyu anayeimba wimbo mwembamba usiokatika ni ventilateri, yale mapanga ya bati mbele ya injini yanayovuta upepo kupitia radiateri ili maji yapoe. Ramazani aliipenda ventilateri kuliko kitu chochote kwenye gari. Alisema ndiyo mfanyakazi pekee asiyelalamika, na kwa hiyo hakuna anayemwangalia mpaka siku nyumba inapoungua.

Namna yake ya kuipima nawaachia ninyi, kwa maana sijaona iliyo bora. Mnachukua karatasi nyembamba, mnaishika mbele ya radiateri injini ikizunguka. Ikinata, ventilateri inavuta, mwacheni aendelee na kazi. Ikianguka, ventilateri imelala au inazunguka kivivu. Hapo zimeni injini mrudi nyuma hatua kwa hatua. Kwanza mkanda: ubonyezeni kwa dole gumba, ukizama zaidi ya unene wa kidole, umelegea. Kisha gurudumu dogo linaloushika mkanda: likiwa linang'aa kama sahani, mkanda unateleza juu yake. Kisha ekseli: izungusheni kwa mkono, mkisikia mchanga ndani, bolibiringi imekufa. Mwisho mapanga yenyewe, kama hakuna lililopinda au kulegea. Msianze na mwisho. Wengi wenu mnaanza na mwisho kwa sababu mapanga ndiyo yanayoonekana.

Na karatasi ikirushwa mbali na radiateri? Hilo nililiona mara moja tu, na ndiyo kesi yangu ya kwanza ngumu. Masista wa misheni walikuwa na motokari ndogo iliyochemka kila ilipofika sokoni. Sista mkubwa alisali kabla ya kila safari, na motokari ilichemka vilevile. Niliposhika karatasi mbele ya radiateri, iliruka ikamgonga Sista kifuani. Nikaona mkanda umepindwa na kuvuka katikati kama namba nane. Fundi aliyeufunga alikuwa ametoka kwenye kinu cha unga, na huko kinuni mikanda huvushwa hivyo ili ishike vizuri. Hakukumbuka kwamba mkanda uliovushwa unazungusha kinyume. Ventilateri ya Sista ilikuwa ikifanya kazi kwa bidii sana, ikipuliza joto la injini mbele wakati upepo wa barabara unalirudisha nyuma. Niliunyoosha kwa dakika tano. Sista akanipa medali, na mimi nikaanza kujiona.

Nawaambieni hilo la kujiona ili muelewe yaliyofuata.

Ikaja vita ya Ulaya. Meli zilizokuwa zikileta vipuri kutoka Ubelgiji zikakoma, na mikanda ya ventilateri ikawa adimu gereji nzima. Wakati ule magari mengi bado yalitumia mkanda bapa wa ngozi. Kila uliokatika tuliushona, ukikatika tena tukaushona tena, hadi ukawa na nyuzi nyingi kuliko ngozi. Ndipo nikapata wazo ambalo lilinifanya nitembee kifua mbele kwa miezi kadhaa.

Jumapili baada ya misa nilikuwa napiga ngoma katika chama cha watu wa kwetu pale mtaani Kamalondo. Mtengeneza ngoma wetu alikuwa na vipande vya ngozi mbichi ya ng'ombe, ile inayokaushwa juani bila dawa, vilivyobaki baada ya kuwamba ngoma. Nikaviomba. Nikakata ukanda mrefu, upana wa vidole viwili, nikaunganisha ncha kwa uzi wa nta, mshono wa kuvuka mara sita. Ulikuwa mgumu, umekaza, ukipigwa kwa kidole unalia. Nikaufunga kwenye lori. Karatasi ilinata kwenye radiateri mpaka ilibidi niibandue kwa kucha.

Bwana mkubwa wa gereji alikuwa Mbelgiji ambaye sisi tulimwita Bwana Tosha, kwa sababu kila mazungumzo aliyafunga kwa neno hilo, hata yale ambayo hayajaanza. Alikuja akatazama mkanda, akaubonyeza, akasema, "Nzuri. Tosha." Kwa Bwana Tosha hiyo ilikuwa hotuba nzima. Nikashona mingine mitatu. Kiangazi chote magari yale yalikwenda na kurudi bila kuchemka. Ramazani peke yake hakunisifu. Aliushika mkanda, akaunusa, akaniuliza kama nimeupaka mafuta. Nikamwambia mafuta yatautelezesha. Akarudisha mkanda mezani akaenda kusali adhuhuri.

Lori mojawapo lilikuwa la Bonifasi, dereva wa makamo, mtu mpole mwenye sauti ndogo isiyolingana na mabega yake. Kati ya madereva wa magari yale ni yeye peke yake aliyetoka nje ya mji, akifuata unga wa mahindi mashambani kwa ajili ya kambi ya wafanyakazi. Lori lile maji yalizunguka yenyewe kwa nguvu ya joto, bila pampu. Mkanda ulizungusha ventilateri tu.

Mvua zilipoanza, lori la Bonifasi likachemka. Likaletwa limevutwa kwa kamba kesho yake mchana, radiateri tupu, injini inanuka moto. Nikafungua, nikatia maji, nikawasha, nikashika karatasi. Ikanata. Mkanda umekaza. Ekseli safi. Mapanga mazima. Nikamwambia Bwana Tosha ventilateri ni nzuri. Akamwangalia Bonifasi, akasema kwa Kiswahili chake cha amri kwamba dereva asiyetia maji ni dereva mvivu.

Juma lililofuata likachemka tena. Nikapima tena kila kitu, kwa mpango uleule. Kila kitu kizuri.

"Fundi," Bonifasi aliniambia pembeni, "mi nilitia mayi. Nilitia asubuyi, nilitia tena ku muto. Kisha kuvuka muto ventilateri inaimba kidogo, kisha inanyamaza."

"Ventilateri iko muzuri. Nilishaipima miye mwenyewe."

"Basi mi niko nasema bongo, niko nadanganya?"

"Sisemi vile."

"Unasema," alijibu, wala hakupandisha sauti.

Nilimsikia, sikumsikiliza. Mtu anitajie wimbo wa ventilateri, mimi niliyefumbishwa macho majuma mawili na Ramazani! Nilidhani amedaka maneno yangu mwenyewe ya gereji na sasa ananiuzia.

Safari hii Bwana Tosha aliandika kwenye buku la kazi la Bonifasi. Nyinyi mliozaliwa juzi mnalijua buku, lakini labda hamjui lilivyokuwa na uzito wakati ule. Mtu mweusi aliyefukuzwa kwa neno baya ndani ya buku hakuajiriwa na bwana mwingine, na asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Nyumba ya kambi ilichukuliwa, watoto wakatolewa shule ya misheni, familia ikapandishwa gari la moshi kurudi kijijini. Bonifasi hakujua Kifaransa cha kuandikwa. Akaniletea mimi buku, tukiwa tumeketi juu ya tairi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Unisomee," alisema.

Nikasoma. Iliandikwa kwamba gari limechemka mara mbili, kwamba fundi amepima ventilateri na kuiona nzuri, kwamba kosa ni uzembe wa dereva.

"Fundi, ile ni weye?"

"Ni miye."

Alilichukua buku akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, ingawa halikuwa na vumbi, akaliweka mfukoni. Nilirudi kazini nikiwa na hasira, na hasira ile niliielekeza kwake, kwa nini ananifanya nijisikie vibaya kwa kusema kweli.

Mara ya tatu lililetwa Jumanne; nikapima, nikasema tena kwamba ventilateri ni nzuri. Bwana Tosha hakupiga kelele. Alisema Bonifasi amalizie safari za juma hilo kwa kuwa hakuna dereva mwingine, na Jumamosi saa sita atalifunga buku lake. Tosha.

Bonifasi alikuwa na watoto watatu shuleni, na mkewe, Mama Georgette, alikuwa na mimba ya miezi minane. Hayo niliyajua. Jioni ile nilikuwa nakunja vifaa, Ramazani akaja akasimama mbele yangu na kofia yake nyeupe.

"Ile kamiyo inaharibikaka wapi?"

"Lori? Ku njia, kisha muto."

"Na weye unaipimaka wapi?"

"Hapa," nilisema.

"Hapa pa gereji haiyaharibika hata siku moya," alisema. "Unapima mahali kamiyo iko muzima. Ijumaa utapanda naye. Nitamwambia Bwana mi mwenyewe."

Ijumaa asubuhi nilivua vifuniko vya injini pande zote mbili, nikakaa juu ya bawa la gurudumu la mbele, nimejifunga kamba kwenye taa kama mzigo. Bonifasi alinitazama, akawasha. Kulikuwa na jua kali. Ventilateri iliimba vizuri hadi tulipofika kwenye kijito kile Bonifasi alichokiita mto. Daraja lilikuwa limechukuliwa na mvua, malori yakawa yanapita ndani ya maji. Kabla ya kuingia nilifungua kamba, nikaruka chini nikashika karatasi. Ikanata. Nikamwonyesha Bonifasi, kama mtu anayeonyesha risiti. Akatikisa kichwa, akatia gia ya kwanza.

Majini mapanga yalichota na kunirushia kila kitu, matope, majani, sijui na chura. Tulipotoka ng'ambo nilikuwa nimelowa hadi kwenye soksi, na injini pia. Ventilateri bado iliimba. Tukapanda kilima, nimefumba macho nikisikiliza, tukapita shamba moja, tukapita la pili. Kisha wimbo ukashuka. Sikuamini masikio yangu, nikafungua macho: nikaanza kuyaona mapanga, moja, mbili, tatu, nne. Ventilateri inayofanya kazi huwezi kuhesabu mapanga yake. Yakaenda polepole, yakayumba, yakasimama kabisa. Injini ilikuwa inaunguruma, gurudumu la chini linazunguka, na mkanda wangu umelala juu yake bila kazi.

Nilipiga kelele, Bonifasi akasimamisha lori. Niliugusa mkanda. Ulikuwa laini na telezi kama bamia, mrefu kuliko nilivyoukata. Mshono wa kuvuka mara sita ulikuwa pale pale, mzuri, haujalegea hata uzi mmoja.

Bonifasi alishuka akaja upande wangu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Njo vile," alisema. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Mnajua kilichoniuma kuliko yote? Kwamba mimi ni mpiga ngoma. Jumapili ikinyesha manyunyu, ngoma inazama, inatoa sauti ya kikapu, na mtu wa kwanza kuikimbiza motoni ili ngozi ikaze ni mimi. Nilijua tangu utotoni kwamba ngozi mbichi ikilowa inarefuka na ikikauka inajikunja. Nilijua kwa mikono, kwa siku ya Jumapili. Jumatatu nikiingia gereji nilivaa akili nyingine, akili ya fundi wa Wazungu, na ile ya Kamalondo nikaiacha mlangoni na kofia ya jua.

Tulikaa kwenye nyasi tukitazama mkanda unakauka. Kila mara nilikwenda kuubonyeza. Baada ya jua kuupiga sana ukaanza kujikaza wenyewe, na tulipowasha injini ventilateri ikaimba kama vile haijawahi kukosa adabu. Hivyo ndivyo ulivyonidanganya mara tatu. Lori likichemka Bonifasi alilala nalo barabarani, likavutwa kesho yake juani, na lilipofika kwangu mkanda ulikuwa umekauka kitambo. Tukafuata unga, tukarudi, tukavuka maji, likagoma tena, tukasubiri tena. Njia nzima hatukuzungumza ila habari za mkanda.

Nakiri niliyofikiria juu ya bawa lile kuanzia kijitoni hadi nyumba za kwanza za mji. Ngozi iliyolainishwa kwa dawa na kupakwa mafuta ningeweza kuipata kwa fundi viatu. Kubadilisha mkanda ni dakika kumi. Lori lisingechemka tena, na hakuna ambaye angejua mshono wa nani ulimfukuzisha mtu. Bonifasi angefukuzwa kesho yake saa sita, kwa maneno yangu, na mimi ningebaki fundi aliyepewa medali na Sista. Niliyafikiria yote hayo vizuri, bila haraka. Nilipofika gereji nikaenda kwa Ramazani nikamwambia. Akanusa mikono yangu.

"Ngozi mubichi. Sasa inasikilika," alisema. "Leta ndoo kesho."

Jumamosi Bwana Tosha alitoka na buku la Bonifasi mkononi na kalamu nyuma ya sikio. Nikamwomba kwa heshima atazame kitu kimoja. Tuliwasha lori katikati ya uwanja, mafundi wote wakazunguka. Nikashika karatasi, ikanata. Nikamwaga ndoo nzima juu ya mkanda. Nikashika karatasi tena. Ikanata vilevile.

Watu wakacheka. Nikamwaga ndoo ya pili. Ventilateri ikaimba, tena naona kwa sauti nzuri kuliko siku zote. Bwana Tosha alitoa kalamu sikioni. Nikamwangalia Bonifasi, naye anaangalia kalamu.

"Tosha," alisema Bwana.

Hapo Ramazani, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kumkatiza Mzungu yeyote, akaleta kiti kutoka ofisini akakiweka nyuma ya magoti ya Bwana.

"Bwana ikale kidogo," alisema. "Ile ngozi haina mbio."

Sijui kama ni ule ujasiri au ni uchovu wa juma, Bwana Tosha akakaa. Nikamwaga ya tatu. Tukasubiri. Mtu mmoja akakohoa. Kisha nikasikia wimbo unashuka, nikamwonyesha Bwana mapanga kwa kidole. Akaanza kuhesabu mwenyewe kwa Kifaransa, un, deux, trois, quatre. Yakasimama. Karatasi ikadondoka matopeni.

Aliinuka akaushika mkanda, akauvuta kama mtu anayepima mpira.

"Nani alishona hii?"

"Miye, Bwana."

"Na nani alisema ventilateri ni nzuri?"

"Miye vilevile. Mara tatu. Shoferi alitia mayi, Bwana. Kosa ni yangu."

Alifungua buku la Bonifasi juu ya bawa la lori, akachora mstari juu ya maneno yake, akaandika mengine chini, akatia sahihi. Kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia. Nikampa la kwangu. Aliandika kwa muda mrefu zaidi kuliko nilivyotamani. Msimu wote wa mvua nilirudi kwenye beseni la mafuta ya taa kuosha vyuma pamoja na wageni, na wageni walikuwa wakiniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kufanya kazi gereji. Adhabu ile sikuilalamikia. Jioni Ramazani alinifundisha ngozi upya: iwe imelainishwa, ipakwe mafuta ya ng'ombe ya moto pande zote, itundikwe na jiwe siku tatu mpaka iishiwe na tamaa ya kurefuka, ndipo ikatwe. Na gari lolote likiharibika, mwulizeni dereva lilikuwa wapi na lilifanya nini, kisha nendeni mkapime pale pale. Dereva amekaa nalo siku nzima. Nyinyi mmekaa nalo robo saa.

Ningependa kuishia hapo, na ndivyo nilivyokuwa nikiwasimulia mezani, nanyi mkicheka habari ya kiti. Ile sehemu nyingine sikuwaambieni.

Jumamosi ileile, watu walipotawanyika, nilimfuata Bonifasi nikamwambia aende nyumbani mapema ampe Mama Georgette habari njema.

"Haiko," alisema. "Eko mugini na batoto. Nilibapandisha treni siku ya tatu."

Aliposikia Jumanne kwamba buku litafungwa, hakungoja. Aliogopa wasije wakatolewa nyumbani siku za mwisho za mimba, mke akazalia njiani. Jumatano akawapandisha wote gari la moshi warudi kijijini. Alhamisi mimi nilikuwa bado natafuta kamba nzuri ya kujifungia kwenye taa. Nilihesabu hapo hapo: kama ningepanda lori lile mara ya kwanza aliponiambia habari ya mto, wangekuwa nyumbani wanasonga bukari. Sasa mama asingeweza kusafiri hadi ajifungue na apate nguvu, na watoto wakapoteza mwaka wa shule. Bonifasi aliniambia hayo bila ukali, akaingia kwenye lori lake. Mwaka ule nililala vibaya.

Walirudi kiangazi. Nilimwomba Bonifasi ruhusa ya kwenda naye stesheni, akasema stesheni si yake. Treni ilifika mchana, imejaa vikapu na kuku. Watoto watatu waliruka kwanza, wamerefuka. Bonifasi alikwenda mlango wa nyuma kupokea masanduku, na Mama Georgette akatokea mlango wa mbele, nilipokuwa nimesimama mimi, na kitoto mgongoni. Sikuwahi kuzungumza naye. Nikavua kofia.

"Ni weye fundi ya courroie?" aliniuliza. Courroie ni mkanda. Neno lilikuwa limesafiri hadi kijijini na kurudi.

"Ni miye, mama."

Aliniangalia kutoka viatu hadi kichwani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, mazuri, nimeyafanyia mazoezi juma zima, lakini hakuyangoja. Akafungua kitambaa mgongoni, akamtoa mtoto, akaninyooshea.

"Huyu alizaliwa mugini ju ya courroie yako," alisema. "Basi umushike, mi nishushe bintu."

Nilimshika. Alikuwa mzito, ana joto, ananuka maziwa na moshi wa treni. Bonifasi alikuwa bado anahangaika na masanduku, ametupa mgongo. Hakuwa amemwona mwanawe hata siku moja, na mimi nilikuwa nimeshamwona. Nikafunika uso wa mtoto kwa kofia yangu asipigwe na jua, nikatembea haraka kumpelekea baba yake.